Nilivyomwachisha mzee vidonge vya vitamini A

Mzee wangu aligundulika na kansa ya ini mwaka jana, imetokana na homa ya ini B aliyokaa nayo miaka bila kujua. Hapa kwetu Mbagala kila ndugu alikuja na dawa yake, nyingi nilizikwepa kirahisi tu, ila ya kaka ndo ilinipa kazi.

Kaka alisoma kwenye simu kwamba vitamini A inazuia seli za kansa ya ini, akaenda Kariakoo akarudi na kopo la vidonge laini vya njano, kimoja yuniti 25,000, mzee akawa anameza viwili kila siku. Kama miezi miwili hivi nampaka mafuta naona lipsi zimepasuka mpaka damu, viganja vinabanduka, kichwa kinamuuma usiku kucha, mi nikajua ni ugonjwa tu unazidi.

Nikabeba lile kopo mpaka kliniki. Daktari akaligeuza akasoma, akaniambia dada, mtu mzima asizidishe yuniti 10,000 kwa siku, ikizidi inarundikana kwenye ini, na ini la baba ndo hilo tayari linaumwa.

Nikamuuliza sasa kaka kasoma uongo? Akasema hapana. Kuna asidi ya retinoiki, inatokana na vitamini A, inaingia mpaka kwenye kiini cha seli na kuwasha au kuzima jeni, na maabara imeonekana seli za kansa ya ini zinapunguza kasi ya kugawanyika, nyingine zinaanza kufanana na seli za kawaida, nyingine zinakufa. Wajapani mwaka 1996 walitoa majibu ya dawa ya jamii hiyo iliyotengenezwa maabara, kwa watu ambao uvimbe wao ulishaondolewa, kansa ikarudi kwa 12 kati ya 44 waliopewa, na 22 kati ya 45 ambao hawakupewa. Ila majaribio makubwa ya baadaye hayakuthibitisha vizuri, na kopo la Kariakoo siyo dawa ile.

Jioni nikakaa na kaka mkekani, sikumgombeza, nikamweleza yote hayo. Akanyamaza weee, halafu akauliza, "Kwa hiyo mi ndo nimemuumiza baba?" Nikamwambia hapana kaka, ulikuwa unamtafutia uzima, ndo maana nimekuja kwako kwanza kabla ya mama mkubwa.

Kopo alilitoa mwenyewe kabatini. Lipsi zilifunga baada ya wiki kadhaa, kichwa nacho kikatulia, kansa bado tunahangaika nayo. Siku hizi kaka ndo anampeleka mzee kliniki, na sisi watoto wote tumeshapima homa ya ini B, ambao hatuna tumeanza chanjo.