Nilivyoanza kuimba maisha yangu na watu wakaitikia

Mi naimba ngoma za asili, kwetu Newala ila saivi naishi Mtwara mjini. Nimekulia kwenye kuitikia, maana huku mmoja anaanzisha wengine wote wanapokea, wimbo ni wa wote na hakuna anayeuliza kautunga nani. Sasa ukitaka kuimba ya kwako, mama yako, ndoa yako, ndo kazi inapoanzia, kwa sababu yule anayeitikia lazima yale maneno ayasikie ni yake pia.

Mimi naandika vitu, uchungu siutaji. Mfano wimbo wa marehemu mama. Kule kwetu Newala, juu kwenye uwanda wa Makonde, maji ni shida toka enzi, kina mama walikua wanateremka bondeni alfajiri halafu wanapanda mlima na ndoo kichwani, na mama alikua mmoja wao. Basi kwenye daftari nikaandika ile njia yote, kata ya kichwani, ndoo, mawe yanayoteleza, wapi wanapumzika, nani anamtua mwenzie, kurasa na kurasa bila kutafuta vina wala nini. Nikabakiza mistari michache tu na kiitikio kifupi, "nitue mwenzangu, nitue". Nilivyowaimbia wenzangu bibi mmoja akadakia kabla sijamaliza, akaongeza mstari wake wa mtoto mgongoni, nao upo mpaka leo na kila nikiimba nasema huu ni wa bibi.

Ya ndoa yangu naimba ila jina la mtu sitaji, hata mtaa, wanangu wanaishi hapahapa. Na ya unyagoni yanabaki unyagoni, siandiki sirekodi, prodyuza abembeleze atakavyo.

Studio nako naomba turekodi ngoma zenyewe kwanza, zioteshwe moto ngozi ikaze, biti ya kompyuta ifuate nyuma. Waliokua wakisikia ngoma za mzee Morris Nyunyusa kwenye taarifa ya habari ya Radio Tanzania wanajua ngoma inaongea yenyewe.

Hela inakuja msimu wa korosho, minada ikianza kulipa harusi zinafuatana na watu wanatunza kwelikweli. Masika nalima na kuandika. Saivi naandika wimbo wa babu alivyoenda kukata mkonge Tanga, sanduku lake na barua zake nimeshaziweka, kiitikio ndo nawasubiri wenzangu.