Korongo wetu anatazama choo

Jumamosi tulimaliza mozaiki, yaani picha ya vipande vya vigae, kwenye ukuta wa chekechea hapa Walukuba, Jinja. Kosa langu liko pale, mita tatu kwa mbili, na kila mpita njia analiona.

Mchoro ni korongo taji kwenye ukingo wa Nile, mguu mmoja kauinua kama kwenye bendera ya Uganda. Tulitumia vigae vya kioo, sentimita mbili kwa mbili. Mita moja ya mraba inakula vigae kama 2,100, kwa hiyo tulikaa wiki nzima tukichambua rangi za vipande zaidi ya 12,000. Waliojitolea? Vijana wa boda wa stejini, akina mama wa samaki kutoka Masese, mzee mmoja fundi wa tailizi, na watoto ambao hakuna aliyewaita. Mtaa huu una kila kabila, basi amri zote zilitoka kwa Kiswahili, na matusi pia.

Taji ndilo lilitutesa. Zile nyuzi za dhahabu zinataka vipande vyembamba kama njiti, na vijana walivunja vigae vya njano mpaka nikaficha boksi. Aliyetuokoa ni mama mmoja anayepaa samaki kila siku. Alivaa miwani ya kukinga macho, akashika koleo la kukatia vigae, akakigusa kigae ukingoni tu. Tik. Kikapasuka moja kwa moja. "Mwanangu, usikibane katikati kama unakikaba. Kionyeshe tu njia." Taji lote ni mkono wake.

Watu waliniuliza kwa nini nanunua saruji nyeupe wakati ya kijivu ni rahisi. Kioo kinapitisha mwanga, jamani. Ukikibandika juu ya kijivu, bluu ya mto inakuwa maji ya mtaroni.

Sasa kosa. Vigae tulivipanga mezani kifudifudi juu ya karatasi ya kaki, kwa gundi ya uji wa unga wa ngano. Unabandika ukutani, karatasi ikiwa nje, saruji ikianza kushika unailoweka karatasi, unaivua. Picha ikigeuzwa kwenda ukutani pande zinabadilishana, kwa hiyo anayefanya hivi lazima ageuze mchoro kwanza, kulia kuwe kushoto. Nalijua hilo, nimeshawafundisha wengine. Lakini usiku ule umeme ulikatika, nikamalizia kuchora kwa tochi ya simu, na mchoro ukaenda ulivyo.

Siku ya kubandika, mvua ilitukimbiza tukiwa tumepachika kipande cha mwisho. Tukafunika ukuta kwa turubai, tukajibanza barazani kwa muda wa saa mbili. Tuliporudi kuvua karatasi, mtoto mmoja akauliza, "Aunti, mbona ndege anaangalia choo?"

Alitakiwa aangalie geti, na mto.

Nilimtazama mzee fundi. Aligonga kigae kwa ukucha, akatikisa kichwa. "Imeshika, binti. Ukibandua utazoa vumbi la kioo." Hakuna aliyecheka mpaka yule mama wa taji alipoanza, na hapo hata mimi sikujizuia.

Kujaza maungio kulichukua asubuhi moja, sponji na ndoo, hakuna la kusimulia. Mwalimu wa chekechea sasa anawaambia watoto kwamba korongo anawaangalia wanaotoka chooni bila kunawa, na foleni ya bombani ni ndefu kuliko ya uji. Mimi nikipita pale, bado natazama upande wa pili wa barabara.