Siku moja maishani mwangu: ukame, watu waliohama na wanyama wa ukingo wa hifadhi

Saa 12:30 asubuhi

Nyayo husomeka vizuri jua likiwa bado chini, maana kivuli hujaa ndani ya kila alama iliyochimbika mchangani. Ndiyo sababu mstari wa sampuli, yaani njia iliyonyooka tunayoifuata tukihesabu wanyama, hutembewa saa hizi. Tuko watafiti watatu, tunaopima jinsi ukame na watu waliohama wanavyowaathiri wanyama wa ukingo wa hifadhi: mmoja anatazama mbele, mmoja anatazama chini, mmoja anaandika. Kila mnyama anayeonekana huandikwa spishi, idadi, umbali kwa kipimo cha leza na pembe kwa dira. Umbali na pembe ndivyo vinavyotoa nafasi kati ya mnyama na mstari, na bila nafasi hiyo huwezi kukadiria msongamano (wanyama wangapi kwa kila eneo), kwa kuwa walio mbali hawaonekani kwa urahisi kama walio karibu. Pima hadi pale mnyama alipokuwa ulipomwona mara ya kwanza, si pale alipokimbilia. Ukipima alipokimbilia, makadirio yote yatashuka chini ya hali halisi.

Mstari huu hauanzii mpakani mwa hifadhi. Unaanzia kwenye makazi mapya ya wafugaji na wakulima waliokimbia ukame, unavuka malisho ya pamoja, kisha unaingia ndani. Njiani tunahesabu pia visiki. Kisiki chenye kipenyo cha sm 7, kilichokatwa kwa panga na chenye utomvu bado, ni nguzo ya nyumba. Cha sm 30 kilichokatwa kwa msumeno, na karibu yake kuna duara la udongo mweusi uliochomeka, ni mkaa. Hivi viwili visichanganywe. Nguzo hukatwa kwa wingi miezi ya kwanza watu wanapojenga, halafu hupungua. Mkaa haupungui, na mara nyingi huchomwa kwa ajili ya wateja wa mjini ambao hawajahama popote.

Saa 2:30 asubuhi

Sasa kamera za mtego, zinazojipiga picha zenyewe mnyama akipita mbele yake. Kila moja imefungwa mtini, urefu wa goti, ikitazama kaskazini au kusini. Ikitazama mashariki au magharibi, jua huipiga usoni na kuifyatua bure. Nyasi za mbele hufyekwa, la sivyo upepo utajaza kadi picha za majani. Betri zikiisha kabisa, baadhi ya kamera hurudi kwenye tarehe ya kiwandani. Kwa hiyo picha ya kwanza na ya mwisho katika kila kituo ni ya kibao chenye jina la kituo, tarehe na saa. Kibao hicho huokoa data ambayo ingetupwa.

Saa ya picha ina uzito mkubwa katika utafiti huu. Watu wanapohamia karibu na maji, wanyama wengi hawaondoki, bali hubadili saa. Aliyekuwa akinywa mchana huja usiku, wakati simba na fisi wako kazini na wakati mtu anayelinda shamba hamwoni hadi wamekaribiana. Ukihesabu vichwa tu, utaandika kwamba hakuna kilichobadilika.

Jambo jingine: mnyama asiyenaswa si lazima awe hayupo. Kamera hukaa angalau usiku 30 kwa kituo, kisha usiku huo hugawanywa katika vipindi vifupi ili kukadiria uwezekano wa kumnasa mnyama aliyepo. Bila hatua hiyo, eneo lenye vichaka vizito litaonekana tupu kwa sababu kamera haioni mbali.

Saa 4:30 asubuhi

Hojaji kwenye kaya. Swali la "je, ulihama kwa sababu ya mabadiliko ya tabianchi?" halifai kitu. Hakuna anayehama kwa sababu moja, na swali lenyewe linamlisha mtu jibu. Tunauliza mvua ya mwisho iliyotosha kuvuna, mifugo iliyokufa, mwezi ambao kisima kilikauka, nani alitangulia kuondoka na nani amebaki kule. Tarehe huchukuliwa kwa kalenda ya matukio: kabla au baada ya uchaguzi, kabla au baada ya mafuriko. Mtu anayekosea mwaka ni nadra kukosea tukio.

Kaya za wenyeji huulizwa maswali yaleyale. Ukiwahoji wahamiaji peke yao, kila mzigo wa kuni utaonekana ni wao. Na "mzigo" si kipimo: kuni za siku hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza, kwa kilo, zikiwa zimetengwa mbichi na kavu.

Mfano ninaoukumbuka kila mara hapa ni Cox's Bazar, Bangladesh. Warohingya, jamii ya Waislamu kutoka Myanmar, zaidi ya 700,000 walioingia huko kuanzia Agosti 2017 walikimbia mateso, si tabianchi, lakini somo la mazingira ni lilelile. Kambi zilikaa juu ya njia ya tembo na msitu ukakatwa kwa kuni. Mitungi ya gesi ilipoanza kugawiwa 2018, mahitaji ya kuni yalishuka sana ilhali watu walikuwa palepale. Kinachoamua hali ya msitu ni nishati, maji na mahali makazi yalipowekwa, kuliko idadi ya watu.

Ridhaa kwanza, kwa lugha ya mtu mwenyewe, na haki ya kusimamisha mahojiano. Nukta ya GPS ya kaya haitoki kwenye faili lililofungwa. Kwenye ramani inayotolewa nje nukta husogezwa, kama tafiti za DHS (za afya na idadi ya watu) zinavyofanya: hadi km 2 mjini na hadi km 5 vijijini, na nukta chache za vijijini hadi km 10. Ramani yenye nyumba za watu ndani ya ushoroba, yaani njia ya kupita wanyama, ikimfikia mtu asiyefaa, kesho yake watu wanafukuzwa.

Saa 7:00 mchana

Kadi za kamera zinanakiliwa mara mbili, kwenye diski mbili zinazokaa vyumba tofauti. Programu inatenga picha za wanyama, watu na magari. Za watu zinafutwa, inabaki hesabu tu.

Saa 8:00 mchana

Picha za setelaiti. Setelaiti za Landsat zina pikseli (nukta za picha) za mita 30 na kumbukumbu inayorudi nyuma miongo kadhaa. Sentinel-2 ina mita 10 na hupita takriban kila siku 5. Mvua tunaichukua CHIRPS, hifadhidata ya makadirio ya mvua inayoanzia 1981.

Mtego mkubwa uko hapa. Ukame hukausha majani, na pikseli iliyokauka inafanana na iliyofyekwa. Kwa hiyo picha hulinganishwa za msimu uleule, miaka yenye mvua inayokaribiana, na pikseli haiitwi "iliyofyekwa" mpaka imeshindwa kurudi kijani baada ya mvua nzuri.

Tunatazama pia kule watu walikotoka, jambo ambalo tafiti nyingi huliruka. Mashamba yaliyoachwa yanaweza kurudi kuwa malisho ya swala, au kufunikwa na vichaka visivyoliwa. Na fedha zinazotumwa nyumbani zinaweza kununua jiko la gesi, au mbuzi hamsini zaidi. Hivyo viwili vinaelekea pande tofauti kabisa.

Saa 10:00 jioni

Sasa uchambuzi, na hapa ndipo haki inapotendeka au kupotea. Ukame huwapiga watu na wanyama kwa pamoja na kuwasukumia kwenye maji yaleyale. Pembe ya Afrika ilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na Kenya peke yake ilihesabu tembo 205 waliokufa kati ya Februari na Oktoba 2022. Miezi hiyohiyo familia za wafugaji zilikuwa njiani. Anayechora mistari miwili, watu wakipanda na wanyama wakishuka, ataandika kwamba watu ndio waliowamaliza.

Dawa yake ni eneo la kulinganishia: mvua ileile, udongo uleule, umbali uleule toka barabarani, ila hakuna aliyehamia. Tuseme kabla ya makazi mapya pundamilia walionekana kwenye 60% ya vituo, sasa ni 30%. Eneo la kulinganishia nalo limeshuka toka 60% hadi 40%. Basi pointi 20 kati ya 30 ni za ukame, na 10 ndizo zinazoweza kuhusishwa na makazi. Kumi si kidogo, lakini inadai hatua tofauti kabisa na thelathini.

Saa 12:00 jioni

Ukurasa mmoja kwa uongozi wa hifadhi na kamati ya makazi, nakala ileile kwa wote wawili. Ripoti ya Benki ya Dunia ya 2021 inakadiria kwamba hadi watu milioni 216 wanaweza kuhama ndani ya nchi zao kufikia 2050. Wakati huohuo, makubaliano ya kimataifa ya bayoanuwai ya Kunming-Montreal ya 2022 yanataka 30% ya nchi kavu na bahari ihifadhiwe kufikia 2030. Ardhi inayozungumzwa mara nyingi ni moja, na ushoroba ni rahisi kuutenga kabla nyumba ya kwanza haijajengwa.

Ombi letu safari hii ni kisima kipya kichimbwe upande wa pili wa makazi, mbali na njia ya tembo, na majiko banifu yagawiwe wenyeji na wahamiaji pamoja. Kamera zibaki pale misimu miwili ya mvua baada ya kisima kuanza kutoa maji, zikiwemo za eneo la kulinganishia, kwani hizo ndizo huondolewa kwanza bajeti ikipungua.