Kikundi chetu cha kusoma uchumi

Watu wa kujiunga hawakukosekana. Kazi ilikuwa kuwafanya wasikilizane: wafuasi wa Marx, mkosoaji wa ubepari, walitaka tuanze na unyonyaji; wa Keynes, aliyetaka serikali ipambane na ukosefu wa kazi, tuanze na ajira; wa Hayek, mtetezi wa soko huria, tuanze na bei (ndiyo, nao tuliwakaribisha, ingawa kuna walionuna).

Kilichotukutanisha ni swali la pesa hutoka wapi. Vitabu vingi vya wanaoanza husema benki hukopesha amana za wateja. Mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza ilichapisha makala ikieleza vingine: benki ikitoa mkopo, papo hapo huunda amana mpya. Baadhi ya wafuasi wa Keynes walikuwa wakilisema hilo miaka mingi. Siku hiyo hakuna aliyetaka kuondoka! Kutoka hapo tukaingia kwa mwanauchumi Hyman Minsky, aliyeonyesha jinsi utulivu wa muda mrefu unavyozaa ukopaji wa hatari. Alifariki 1996, jina lake lilivuma baada ya msukosuko wa kifedha wa 2008.

Sasa tuna kanuni moja: ukitaka kukosoa shule fulani ya fikra, kwanza ieleze mpaka wafuasi wake wakubali umeielewa. Wengi hukwama hapo.

Kinachofuata ni mtafiti Elinor Ostrom na rasilimali za pamoja, kama malisho na misitu inayotumiwa na wengi. Anayeimudu nadharia ya michezo (hesabu za jinsi watu wanavyoamua wakitazamana wengine watafanya nini) aje, sisi tunababaisha.