Zebaki haiungui: siku moja kwenye chujio la moshi

Saa 12 asubuhi napokea zamu. Kitu cha kwanza kukitazama ni kipimo cha dohani: zebaki, mikrogramu 3 kwa mita ya ujazo ya moshi. Hukioni wala hukinusi kiasi hicho, lakini tanuri letu la kuteketezea taka hutoa moshi usiku na mchana. Na zebaki ni elementi. Moto hauimalizi, huigeuza mvuke tu. Tusipoinasa hapa itashuka kwenye maji na kuingia kwenye samaki, kisha kwa watu. Watu wa Minamata, Japani, walikwisha kuyaona hayo. Ugonjwa wao ulitambuliwa rasmi mwaka 1956.

Saa 1, mzunguko. Kaboni amilifu, unga mweusi mwepesi, hupulizwa ndani ya moshi kabla ya chujio la mifuko. Unga hujenga utando juu ya kitambaa, na moshi ukipenya hapo zebaki hunasa. Nakagua bomba la unga kwa muda mrefu kuliko kifaa kingine chochote, kwa sababu likiziba, hakuna kinachoonekana kwa macho.

Saa 3, joto. Moshi uingie kwenye chujio ukiwa karibu nyuzi 150. Ukipanda sana, kaboni huanza kuiachia zebaki iliyokwisha kuishika. Ukishuka mno, asidi hutona na kula chuma. Wengi hukimbilia kuongeza unga. Mimi huanza na joto.

Saa 5 na robo, king'ora. Namba inapanda kwa kasi. Taka zetu za kawaida haziwezi kufanya hivyo, kwa hiyo kuna mtu aliyetupa vipimajoto vya zamani, taa za mirija au betri nyingi kwa pamoja. Nampigia simu mwendesha winchi wa shimo la taka: “Ndugu yangu, rundo hilo la kushoto usiliguse tena.” Papo hapo naongeza unga, ule uliotiwa bromini. Klorini ya kwenye taka hugeuza sehemu ya zebaki kuwa kloridi, ambayo hunaswa kwa urahisi na hata huyeyuka kwenye maji ya kuoshea moshi. Zebaki tupu, ile isiyoungana na klorini, haiyeyuki kwenye maji, nayo hujaa namba inapopanda ghafla kama hivi. Bromini ndiyo huishughulikia. Namba inaanza kushuka, ila polepole, maana kuta za mabomba nazo zilishika zebaki na sasa zinaiachia.

Saa 8 navuta sampuli kwa mirija yenye kaboni, ili maabara ipime na tulinganishe na mashine.

Saa 9, majivu ya chujio. Barakoa, glavu, mifuko inayofungwa kabisa, lebo. Hapa ndipo sehemu kubwa ya zebaki ya leo ilipo, na majivu haya yakiachwa kwenye mvua, kazi ya asubuhi nzima imepotea. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki ulioanza kutumika mwaka 2017, unataja matanuri ya taka kati ya vyanzo vinavyopaswa kudhibitiwa. Naona bado tunaanzia mwisho: vitu vile vyenye zebaki vilipaswa kutengwa kabla havijafika kwenye lori.

Saa 10 naandika kwenye daftari la zamu: unga ubaki juu mpaka namba itulie, rundo la kushoto lisiguswe hadi lichambuliwe kwa mkono, na aliyeleta mzigo huo atafutwe.