Tulivyopima usafi wa mikono wodini: chupa ilitufaa kuliko daftari

Tuliambiwa tubandike maonyo ukutani na kumkemea asiyenawa. Ushauri huo haukusaidia kitu. Hapa Goma, wodi ikiwa na bomba moja tu, tena siku nyingine kavu, muuguzi wa wagonjwa 15 hawezi kulifuata kila anapomgusa mtu. Tukaamua kuitundika dawa ya mikono, ile ya alkoholi ya kujipaka bila maji, kwenye kila kitanda, kisha tupime.

Mwanzo tulipima kwa macho. Mtu anasimama na daftari, anahesabu nafasi za kunawa: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kuchoma sindano, baada ya damu au mkojo, baada ya kumgusa, baada ya kugusa kitanda chake. Waliponawa unagawanya kwa nafasi zote, mara 100. Mchana asilimia zilikuwa nzuri ajabu. Lakini asubuhi chupa zilikutwa zimejaa vilevile! Mwenye daftari akiingia, kila mtu ananawa; akitoka, basi.

Tukaiachia chupa kazi hiyo. Sparadra (utepe wa kubandikia bandeji) wima ubavuni, alama ya kalamu kila mililita 50. Anayepokea zamu ya asubuhi anaandika kilichopungua, anagawanya kwa wagonjwa waliolala. Kiwango cha chini cha Shirika la Afya Duniani ni mililita 20 kwa mgonjwa kwa siku. Kujipaka mara moja kunataka kama 3, kwa hiyo hata mara 7 hazitimii. Si kudai makubwa. Wagonjwa 30, mililita 600. Funga chupa kwa kamba, la sivyo iliyobebwa nyumbani itahesabiwa kuwa imetumika.

Dawa tunachanganya wenyewe, na gharama kubwa ni alkoholi. Kwa lita 10: etanoli ya 96% mililita 8333, oksijeni maji (haidrojeni peroksidi) ya 3% mililita 417, gliserini mililita 145, halafu maji yaliyochemshwa yakapoa hadi kufika lita 10. Iache saa 72 ili vijidudu sugu vilivyomo chupani vife, mbali na mbabula, maana inawaka. Anayesema uongeze maji ili idumu, usimsikilize: alkoholi ikishuka chini ya 60% haiui vizuri.

Klorini ya 0.05% tuliyoizoea tangu Ebola ya 2018 inachubua ngozi, na mwenye mikono iliyopasuka huogopa kujipaka chochote. Gliserini isikosekane. Mikono yenye uchafu unaoonekana, hasa kwa wagonjwa wa kuhara, ni maji na sabuni.

Chupa za vitandani zilipungua hata usiku. Ile ya mlangoni ilibaki karibu imejaa, tukaihamishia kwenye meza ya sindano.