Shaba Ikimiminwa, Mvua Ikinyesha

Nauli ya basi la usiku kutoka Mombasa ilikuwa imepandishwa, kiti hakilali, na taksi ya kunifikisha upande wa Ngong, nje ya Nairobi, ilinitoza karibu nusu ya nauli hiyo. Hata hivyo ningelipa tena, maana nilikwenda kuona sanamu za bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, zikisubiwa: shaba inayeyushwa na kumiminwa katika kalibu.

Sanamu kubwa za namna hii, kama ya mpigania uhuru Dedan Kimathi iliyosimamishwa mwaka 2007 katikati ya Nairobi, huwa na uwazi ndani. Shaba yenyewe ni ganda tu. Karakanani nilionyeshwa ganda hilo linavyopatikana. Umbo la udongo huchukuliwa kwa kalibu ya mpira, ndani yake hupakwa nta, ikatoka sanamu ya nta. Hubandikwa vijiti vya nta vya kupitishia shaba na kutolea hewa, kisha yote huchovywa katika uji mzito wa kauri na kunyunyiziwa mchanga, tabaka juu ya tabaka, siku nyingi. Tanurini nta huchuruzika ikaisha, nafasi yake ikabaki tupu: hiyo ndiyo kalibu ya kumiminia shaba.

Siku ya kumimina, anga lilikuwa zito tangu asubuhi. Shaba tupu huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Ikichanganywa na bati huyeyuka mapema kidogo. Ndimi za moto zilikuwa na rangi ya kijani pembeni. Mafundi wawili walikwisha kushika koleo ndefu, chungu kinang'aa kama jua la magharibi, mara tone likaanguka kutoka kwenye tundu la bati la paa, hatua mbili tu kutoka kwenye kalibu.

"Simama! Dada, rudi nyuma!"

Chungu kikarudishwa tanurini. Maji yakikutana na shaba iliyoyeyuka hugeuka mvuke papo hapo na kuirusha huku na huku. Kijana akapanda paani na kipande cha turubai, mvua inamchapa, sisi chini hatusemi neno. Gesi ikaendelea kuungua, na gesi ni ghali. Nilimwona fundi mkuu akitazama mtungi kila baada ya muda. Hakuharakisha mtu.

Kalibu zilichomwa upya mpaka zikawa nyekundu. Ndipo fundi akaondoa taka juu ya shaba kwa upawa mrefu, wakainua, wakamimina. Ilijaa kwa muda mfupi kuliko wa kumaliza kikombe cha kahawa.

Mimi ni mtu wa Lamu. Siwa yetu ya shaba, baragumu kubwa la sherehe, nimeiona makumbushoni tangu utoto, karibu na ile ya Pate ya pembe ya ndovu, na kila mara nilisikia habari za shughuli na watu iliopuliziwa: harusi, watawala, waungwana. Aliyeisubu sikumsikia akitajwa. Nayo ilianza kwa nta hivi hivi, bila mtungi wa gesi. Huenda zile nakshi zake mtu alizichora kwenye nta, akijua kwamba kalibu ikivuja, kazi nzima imepotea.

Nilimwonyesha fundi picha ya siwa kwenye simu. Aliikuza, akafuata maandishi kwa kidole chenye kovu la moto, akaniuliza unene wake na nani aliyeisubu. Sikuwa na jibu. Nimempa nambari yangu. Akija Lamu nitampeleka mwenyewe, na nitawaomba wenye makumbusho wamruhusu aitazame kwa karibu.